Ratiba ya mwaka ya kikundi cha bustani Tanga: mwongozo kamili wa kuipanga hadi ifike Novemba

Kikundi cha bustani kikianza Januari na daftari jipya, mara nyingi ikifika Juni wamebaki mwenyekiti, katibu na mhazini. Sababu ni zile zile. Kikao cha kitalu kinawekwa Aprili, mvua zimeshachanganya. Mboji inafundishwa Machi, wakati ambapo ilitakiwa iwe imeiva. Kikao kinaangukia kumi la mwisho la Ramadhani, hakuna anayekuja. Baada ya vikao vitatu vya maneno matupu, watu wanaona afadhali wabaki nyumbani wamwagilie mchicha wao.

Dawa yake ni moja: ratiba ihesabiwe kuanzia kwenye mvua kurudi nyuma, na mwaka wa kikundi uanze Desemba.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika lolote

- Watu 12 hadi 25. Zaidi ya hapo, mafunzo ya mikono hayaendi. Wa nyuma hawaoni kisu kinapita wapi.
- Kauntabuku moja la ratiba na mahudhurio, na jingine la fedha. Msichanganye.
- Kalenda ya ukutani yenye tarehe za kawaida na za Kiislamu.
- Mahali penye kivuli kikubwa, maji na choo, pamoja na sehemu iliyoezekwa ya kukimbilia mvua ya Mei.
- Majembe 2, sepeto 1, reki 1, toroli 1, keni 2 za lita 10, mkasi wa kupogolea 1, visu vikali 4, mtarimbo 1 kwa wenye ardhi ya matumbawe.
- Viriba 300: vidogo 200 vya mapapai na mboga, na vikubwa 100 vyenye kimo cha karibu sm 25 kwa maembe.
- Pipa la lita 200 la maji ya mvua, lenye mfuniko au chandarua cha kuzuia mbu.
- Mtu wa funguo. Jembe la kikundi lisilo na mtu wa kuliuliza huwa la nyumba moja ndani ya miezi miwili.

Fedha zisiwe kubwa. Watu 20 wakitoa Sh 2,000 kwa mwezi, ni Sh 480,000 kwa mwaka. Tengeni robo yake kwa ajili ya ziara, robo ya viriba na samadi, robo ya vifaa, na iliyobaki isiguswe hadi Novemba. Mhazini asome salio kila kikao kabla ya chai. Asiyesomewa salio huacha kulipa, na asiyelipa huona haya kuja.

## Hatua ya 1: Chagua siku isiyogombaniwa

Jumamosi ya pili ya mwezi, saa 2:00 hadi saa 4:00 asubuhi, ndiyo inayofaa kwa mji wa Tanga. Ijumaa ina sala, Jumapili asubuhi ina ibada. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ya usafi wa mazingira, mtaa mzima uko na fagio. Alasiri za Jumamosi zina harusi, na harusi ya Tanga huishindi.

Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo wa mwezi. Maana yake inaangukia wakati wa kitalu cha masika, ambao hauahirishiki. Msifute kikao: kipunguzeni kiwe saa moja, saa 1:30 hadi 2:30 asubuhi kabla ya jua kukaza, kazi ya kukaa chini kivulini, bila kubeba maji mbali. Alasiri ya mfungo iacheni. Kina mama wako jikoni na futari.

Siku ikishapatikana, isihamishwe kwa ajili ya mgeni yeyote, hata mtaalamu. Mgeni asipoweza Jumamosi ya pili, aje mwezi mwingine.

Mmefanikiwa ikiwa mwanachama ukimkuta kwenye daladala ya Makorora anakutajia tarehe ya kikao kijacho bila kufungua simu.

## Hatua ya 2: Hesabu kutoka kwenye mvua kurudi nyuma

Tanga ina masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Masika ndiyo ya kutegemea kwa miti. Vuli wakati mwingine hudanganya. Basi chukueni Jumamosi ya pili ya Aprili kuwa siku ya kupanda miti, kisha rudini nyuma:

- Mashimo yawe yamechimbwa na kujazwa wiki nne hivi kabla: kikao cha Machi.
- Miche ya mpapai hukaa kwenye kiriba wiki 6 hadi 8: mbegu ziingie mapema Februari.
- Mboji ya kujazia mashimo na viriba huiva kwa miezi 2 hadi 3 katika joto la pwani: lundo lijengwe Desemba, majani mabichi ya vuli yangali tele.

Mnaona kwa nini anayekutana mara ya kwanza Januari ameshachelewa. Kikundi kinachoundwa katikati ya mwaka kisihangaike na miti hadi Desemba. Kianze na mboga na mbegu.

## Hatua ya 3: Kila kikao kiwe na kazi na cha kubeba

Kanuni ya saa mbili: dakika 15 za salio na taarifa, dakika 75 za kazi ya mikono, dakika 30 za chai na maswali. Kila mtu aondoke na kitu: miche miwili, pakiti ya mbegu, ndoo ya mboji, au kipandikizi cha asumini kwenye kopo. Kitu hicho kitakufa au kitaota, na vyote viwili vinampa sababu ya kurudi na swali.

Ujumbe wa WhatsApp utumwe siku tatu kabla, ukitaja cha kuja nacho:

"Asalaam alaykum, habari zenu ndugu wanabustani. Jumamosi tarehe 12, saa 2 kamili, palepale chini ya mwembe. Tunapanda mbegu za papai. Kila mmoja aje na papai moja bivu kutoka mti uliozaa vizuri, na majivu kikombe kimoja. Bibi na wazee wenye shida ya magoti, viti vipo."

Ujumbe wa "tukumbuke kikao" bila kazi wala kifaa ni kama haujatumwa.

## Hatua ya 4: Desemba na Januari, mboji, kokwa na udongo

Mboji. Lundo lisipungue mita 1 kwa 1 kwa 1. Dogo zaidi halipati joto. Chini tabaka la vijiti, kisha majani makavu sm 20, majani mabichi sm 20, samadi sm 5 hadi 10, mwagia maji, rudia. Geuzeni kila baada ya wiki tatu. Ukifinya konzi moja itoke matone mawili matatu tu. Ikinuka kama yai viza, maji yamezidi: geuza na uongeze makavu. Isipopata joto kabisa, imekosa samadi au maji. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na hutambui tena jani lililoingia.

Kokwa za maembe. Desemba na Januari embe zimejaa sokoni Mgandini. Kusanyeni kokwa za embe za kienyeji siku hiyo hiyo zinapoliwa, kwa sababu mbegu ya embe ikikaa wiki chache imekufa. Kateni ganda la nje ukingoni kwa mkasi, toeni mbegu ya ndani, laza kwenye kiriba kikubwa upande wa mgongo ukiwa juu, funika sm 2. Huota ndani ya wiki mbili hadi tatu. Hizi ndizo mtakazobebesha Septemba, yaani kuziunganisha na ncha ya tawi la mwembe mzuri, kwa hiyo andikeni kwenye daftari nani analea viriba vingapi. Mkikosea Desemba, Septemba hamna kikao.

Udongo. Januari ni kavu, kaskazi inavuma, ndio wakati wa kuchukua sampuli. Chota sehemu 10 hadi 15 za bustani, kina cha sm 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, punguza hadi nusu kilo au kilo moja, kausha kivulini, andika jina na mahali. Mlingano, wilayani Muheza, ndiko kuliko kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kinachoshughulika na udongo. Ulizeni gharama kabla, na mpeleke za wanachama wote kwa safari moja.

Walio Raskazone, Mwambani na kwingine juu ya matumbawe watarajie udongo wenye chokaa nyingi. Dalili yake kwenye mlimau ni jani changa la njano lenye mishipa ya kijani: chuma kimo ardhini, mti hauwezi kukichukua. Kuongeza chokaa au majivu hapo ni kuharibu zaidi. Jibu ni mboji nyingi na matandazo. Na kama maji ya kisima yana chumvi, kingo za majani makubwa zitaungua na udongo utapata utando mweupe. Mwagilia mara chache kwa maji mengi yanayoshuka chini, na maji ya pipa yaachiwe kitalu.

## Hatua ya 5: Februari na Machi, kitalu na mashimo

Mchanganyiko wa kiriba: ndoo 3 za udongo wa juu, 2 za mboji au samadi iliyoiva, 1 ya mchanga. Mchanga usiwe wa ufukweni. Chumvi yake inaua miche.

Mbegu ya papai ina ngozi ya utelezi inayozuia kuota. Sugueni na majivu, osheni, kausheni kivulini siku moja, kisha mbegu 2 au 3 kwa kiriba, kina cha sm 1. Zitachomoza baada ya wiki mbili hadi tatu. Biringanya, ngogwe na pilipili ziingie siku hiyo hiyo.

Kinachoua vitalu vingi ni kinyausi. Mche unaanguka ukiwa bado wa kijani, shina limenyongeka pale linapogusana na udongo. Husababishwa na mbegu kusongamana, maji ya jioni na udongo wenye ukungu. Mwagia udongo maji yanayochemka siku mbili kabla ya kupanda, tawanya mbegu kwa nafasi, mwagilia asubuhi tu. Tray au boksi lililoanza kuanguka litengwe siku hiyo hiyo. Usiokoe mche mmoja ukapoteza hamsini.

Machi ni mashimo: sm 60 kila upande na kina sm 60. Udongo wa juu uwekwe kushoto, wa chini kulia. Wa juu ndio unaochanganywa na ndoo 2 za mboji na kurudishwa. Mtarimbo ukigonga mwamba kwenye sm 30, hamisha shimo. Mti uliopandwa kwenye bakuli la jiwe utasimama kwenye maji wakati wa masika na kukauka kiangazi. Chomekeni kijiti cha alama juu ya kila shimo lililojazwa, maana mvua ya kwanza hulisawazisha likapotea.

Kikao cha Machi kimalizike kwa mbadilishano wa mbegu. Kila pakiti iandikwe jina la mmea, aliyeileta, na mwezi uliovunwa. Isiyo na maandishi haiwekwi mezani. Wiki moja kabla, kila mleta mbegu afanye jaribio: mbegu 50 kwenye kitambaa kibichi. Zikiota 40 au zaidi, lete. Chini ya 30, usimpe mwenzio. Huku ni kupeana baina ya majirani. Kufungasha na kuuza mbegu sokoni ni jambo lenye sheria yake, na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ndio wenye kuidhinisha.

## Hatua ya 6: Aprili, siku moja ya kupanda

Siku hii haina hotuba. Kabla ya kuita watu, katibu achimbe sehemu mbili: udongo uwe umelowa hadi sm 30, urefu wa rula ya shule. Mvua ya siku moja huloweka juu tu, na mche uliopandwa humo hukauka masika yakikata wiki moja. Haujalowa? Subirini hadi Jumamosi inayofuata. Huu ndio mwezi pekee ambao tarehe inaruhusiwa kuhama.

Papai: miche 3 kwa shimo, sm 30 kati yake, mashimo mita 2.5 hadi 3. Zikitoa maua, baada ya miezi minne hadi sita, dume linajulikana kwa maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu; maua ya jike yamegandama shinani. Ng'oa madume, acha moja kwa majike 10. Hapa ndipo kikundi kinapolipa: nyumba tano za jirani za Chumbageni hazihitaji kila moja kuwa na dume lake.

## Hatua ya 7: Mei na Juni, mwezi wa magonjwa kisha nyanya

Mei mvua zinakataza kazi ya nje, kwa hiyo kaeni chini ya bati mfanye kliniki ya mimea. Kila mtu alete jani moja gonjwa na moja zima la mmea huo huo, yamefungwa kwenye gazeti. Msiruhusu chungu kizima kiingie. Wadudu weupe walio kama pamba hutembea kutoka chungu hadi chungu wakati watu wanakunywa chai.

Mtakayoyaona zaidi: vidukari chini ya majani machanga ya bamia, ubwiri unga kwenye maboga, na kantangaze kwenye nyanya, kiwavi anayeacha michoro mipana mikavu ndani ya jani na vitundu kwenye tunda. Kwa vidukari, mwarobaini unatosha: gramu 500 za mbegu kavu zilizotwangwa, lita 10 za maji, usiku mmoja, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni kwa sababu jua huondoa nguvu yake. Kwa kantangaze, chuma majani yenye michoro kila baada ya siku tatu, uyachome. Kuyatupa kwenye mboji ni kumfuga.

Nyanya zilizopandwa mwanzo wa masika huoza kwa ukungu. Sieni kitalu mwanzo wa Mei chini ya paa la nailoni, mpandikize kikao cha Juni miche ikiwa na sm 10 hadi 15, nafasi sm 60 kwa 50, jioni au siku ya mawingu. Zitakua katika ubaridi wa kusi na kuzaa Agosti na Septemba.

## Hatua ya 8: Julai na Agosti, ziara na mbegu

Ziara moja kwa mwaka inatosha. Amani, milimani Muheza, ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote: bustani ya mimea ya siku nyingi, hiliki, mdalasini, na lile ua maarufu la Usambara (African violet) likiota lenyewe mwambani. Ulizeni kiingilio na hali ya barabara wiki mbili kabla. Semeni wazi kabla ya kupanda basi kwamba hakuna kung'oa mmea, na kwamba Amani iko karibu mita 900 juu ya bahari: kinachostawi kule, kama hiliki, hakitavumilia joto la Ngamiani. Maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu hufanyika Morogoro. Ni mazuri, lakini nauli yake itameza mfuko wa kikundi kidogo. Wapelekeni wawili waje kufundisha wengine.

Agosti ni ya kuvuna mbegu. Unyevu wa bahari ndio adui: mbegu iliyoachwa kwenye bahasha mezani hufa kabla ya masika. Kausheni kivulini penye upepo hadi mbegu ya boga ikikunjwa ivunjike kwa mlio. Tieni kwenye chupa kavu ya kioo, theluthi moja majivu makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa, kaza mfuniko, weka chini ya kitanda. Kikao hicho hicho pogoeni asumini na bogenvilia. Vijiti vya asumini vya sm 15 viende kwenye makopo, kila mtu abebe vinne.

## Hatua ya 9: Septemba, kubebesha maembe

Hiki ndicho kikao ambacho watu hutoka mbali kukifuata. Maandalizi yanaanza siku 10 kabla: mtu mmoja aende kwenye mti mzuri uliochaguliwa, achague ncha za matawi zisizo na maua, akate majani yake akiacha vishikio. Chipukizi litavimba. Asipofanya hivyo, kikao kizima ni bure.

1. Chagua mche wa kokwa za Desemba wenye unene wa penseli. Ukate kwenye kimo cha sm 20 hadi 25, upasue katikati kushuka sm 3 hadi 4.
2. Kata kikonyo, yaani ile ncha ya tawi iliyoandaliwa, cha sm 10 hadi 12 chenye unene ule ule. Kichonge pande mbili kiwe kabari yenye urefu sawa na mpasuo. Mkato uwe mmoja wa kuteleza. Wenye mawimbi haushiki.
3. Kiingize. Ule utando wa kijani chini ya gome ukutane na wa mche angalau upande mmoja. Kikonyo chembamba kisogezwe ukingoni, kisikae katikati.
4. Funga kwa utepe wa nailoni wa sm 1.5, kuanzia chini kwenda juu, umekaza.
5. Funika kwa kile kifuko chembamba cha kugandishia barafu, funga chini, weka kivulini.

Usiguse kidonda kwa kidole. Jasho na vumbi vinatosha kukiharibu. Futa kisu kwa spiriti kila mche. Chipukizi likibaki kijani na kuanza kufunguka, wiki ya pili hadi ya nne, toa kifuko jioni. Kikonyo kikiwa cheusi, kimekufa, na mche wenyewe unaweza kurudiwa chini kidogo. Utepe ukae miezi miwili hadi mitatu. Wanaoanza wakipata nusu zilizoshika, wamefanya kazi nzuri. Zilizoshika zilelewe kivulini hadi masika. Msizipeleke kwenye vuli zingali changa.

## Hatua ya 10: Oktoba na Novemba

Oktoba, mvua ya vuli ikianza, pandeni moja kwa moja mchicha, kunde na bamia. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, hivyo vuli ikikatika mapema hasara ni ndogo. Miche iliyozidi uzeni siku hiyo hiyo ya kikao kwa majirani.

Novemba ni hesabu, viongozi na ratiba mpya. Mhazini asome mapato na matumizi yote, daftari lizungushwe kwa kila mkono. Kisha fungueni ukurasa wa mahudhurio mwangalie ni kikao kipi kilikuwa na watu wachache. Kifuteni au kibadilisheni kazi yake. Msikirudie kwa sababu tu kilikuwepo mwaka jana. Tarehe zote 12 ziandikwe siku hiyo, pamoja na jina la anayeandaa kila kikao na la msaidizi wake. Kabla watu hawajanyanyuka, Desemba iwe imegawanywa: nani analeta samadi na toroli ngapi, nani anakusanya kokwa Mgandini, na funguo za stoo ziko kwa nani.